Neno Lisilo na Mgongo

Usiku wa jana niliota makofi. Sikuona mikono, sikuona watu, sikuona ukumbi. Niliyasikia tu, pa, pa, pa, yakitoka chini upande wa kulia, kama mvua iliyoanza juu ya bati kisha ikaghairi.

Nilipopata macho, nilikuwa kibandani kwangu Korogwe, ninapotengenezea baiskeli, mkabala na mashine ya kusaga. Makofi yalikuwa yanatoka ndani ya gurudumu la nyuma la baiskeli ya mteja. Nikachukua pampu nilijaze upepo, labda yatanyamaza.

"Usiguse," pampu ikaniambia. "Humo ndani kuna mtu anapigiwa makofi."

"Nani?"

"Unajifanya hujui."

Sikushangaa pampu kusema. Kilichonikera ni dharau. Pampu ile nimeinunua mwenyewe, mtumba, na nimeibadilishia ngozi mara mbili.

Hapa lazima nisimamishe ndoto kidogo nieleze nililala na nini kichwani, la sivyo mtadhani nimeota ovyo.

Mimi naitwa Mbelwa, na ni mshairi. Baiskeli ni kazi. Ushairi ndio mimi. Sikufundishwa na mtu. Vina na mizani nilijifunza kwenye kurasa za magazeti zilizofungiwa vitumbua, nikihesabu silabi kwa kugusa spoki, nane na nane, mpaka nikawa nasikia kosa kabla sijalihesabu. Wapo watu wamekaa darasani miaka minne na hawasikii.

Mwezi uliopita kikundi kimoja cha wapenda vitabu pale mjini kilitangaza mashindano ya mashairi. Nikapeleka shairi langu la beti tano, linaitwa "Vilivyobaki". Juzi fomu yangu ikarudi. Nimeingia fainali, Jumamosi hii, kusoma mbele ya watu. Lakini chini, penye mstari wa maoni ya jaji, Mwalimu Chambo alikuwa ameandika neno moja la Kiingereza, plausible, akaweka nukta. Mwalimu Chambo alifundisha Kiingereza miaka thelathini, na akitaka kusema jambo zito hulisema kwa lugha ambayo huwezi kumjibu.

Mtu kama mimi haendi kuuliza maana ya neno. Jana nilimwuliza Hoza, fundi mwenzangu, kwa mtindo wa utani.

"Hilo ni ndugu yake possible," Hoza akasema, spana mdomoni. "Yaani inawezekana."

"Inawezekana nini?"

"Hapo ndipo hajasema."

Palikuwa na askari mstaafu anasubiri mnyororo wake. Akadakia: "Sisi tulikuwa tunaliandika kwenye mafaili. Mtuhumiwa ametoa maelezo plausible. Maana yake yanaingia akilini."

"Kwa hiyo mlikuwa mnawaachia?"

"Tulikuwa tunawalaza ndani mpaka tuhakikishe."

Nikarudi nyumbani sijui nimevishwa taji au nimefungwa pingu. Nikaiweka fomu chini ya mto, nikalala.

Ningependa kusema ni neno hilo peke yake lililoninyima raha. Si kweli. Ubeti wa nne wa "Vilivyobaki" si wangu. Ni wa shangazi yangu.

Shangazi Nakiete ndiye aliyenipa chumba cha uani. Hajui kusoma wala kuandika. Mumewe, Mjomba Semhando, alifariki mwaka juzi, na tangu hapo kila mlo shangazi anaandaa sahani mbili, anakula kwenye moja, kisha anaziosha zote mbili. Sahani ya pili haiguswi na mtu mwingine. Mimi nakula gengeni na mafundi, na siku nikila nyumbani napewa bakuli. Jumanne moja, mikono yake ikiwa ndani ya karai, alitunga ubeti mzima kwa pumzi moja. "Andika, baba," akaniambia, "usije ukanipotea." Nikasimama mlangoni nikauandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Kuanzia hapo kila Ijumaa akawa ananiita nimsomee.

Beti zangu tatu zilikuwa juu ya vitu vya marehemu: baiskeli, kofia, redio. Zilikuwa na vina. Zilikuwa na mizani. Hazikuwa na kitu kingine. Nikauchukua ubeti wake nikauweka wa nne, na wa tano nikaufungua hivi: Mimi Mbelwa wa Korogwe. Kila msomaji wa mashairi anajua desturi yetu. Jina linaloingia ubeti wa mwisho ndilo lenye shairi lote, kuanzia neno la kwanza.

Ijumaa iliyopita shangazi akaniita. "Nisomee ule wangu." Nikamwambia karatasi imepotea kibandani, huenda Hoza kafutia mnyororo. Aliamini hapo hapo. Mikono yangu ilikuwa na grisi, na ni kweli karatasi hupotea pale. "Basi," akasema, "nitaukumbuka mwenyewe." Tangu siku hiyo namsikia anaosha vyombo na kujisemea, "Mkono... mkono hau... mkono hau nini?" Kisha maji tu ndiyo yanasikika. Na ameshaazima kanga kwa jirani, ili Jumamosi akae mstari wa mbele.

Sasa turudi kwa pampu.

Pampu bado inanitazama. Nabonyeza vali ya gurudumu kwa kidole, na badala ya upepo kutoka, kinatoka kibanda. Kinaondoka chote, na spana zake, bila kuaga. Mimi nabaki nimesimama kwenye ukumbi usio na paa. Viti vyake ni ngazi za mawe zilizozunguka, na juu ya kila ngazi imekaa mikono miwili miwili. Mikono tu. Mingine ina pete. Mmoja una saa, na mwenzake anaugeuza ili aione.

Jukwaani yupo mtu mrefu mwenye koti la kijivu lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo.

"Karibu Roma," anasema. "Umechelewa miaka elfu mbili, lakini tumekushikia nafasi."

"Wewe nani?"

"Ati mimi nani! Umenilalia tangu saa tatu. Kichwa chako kizito, kijana. Mimi ndiye plausible."

Anaongea Kiswahili cha Korogwe kabisa. Natafuta lafudhi ya kigeni niishike kama kosa, siipati.

"Sawa," nasema. "Maana yako nini?"

"Ipi? Ninazo mbili. Moja nilizaliwa nayo, nyingine nilipewa kazini."

"Anza na ya kuzaliwa."

"Baba yangu ni plaudere, Mlatini, kazi yake ni kupiga makofi. Haijui nyingine. Mimi nilipozaliwa nikawa na maana ya kitu kinachostahili makofi. Mtu akisema vizuri hapa ukumbini, mikono inalia, mimi nasimama pembeni yake. Kazi safi. Sikuulizwa kama alichosema ni kweli. Niliulizwa kama kimepokelewa."

"Halafu?"

"Halafu nikahamia Uingereza, karne ya kumi na sita. Nilifika na maana yangu ileile ya makofi, nikapokelewa vizuri, nikala, nikalala. Haikupita miaka mingi wakanibadilishia kazi. Wakaniambia, kuanzia leo wewe ni kitu kinachoonekana kuwa kweli."

"Kilicho kweli."

"Sikusema kilicho. Nimesema kinachoonekana. Sikiliza unapoelezwa."

"Kwa nini wakakubadilisha?"

"Waligundua kwamba si kila kinachopigiwa makofi ni cha kuaminika. Hawakutaka kunifukuza, nilikuwa nimeshazoeleka. Wakanivua mgongo tu."

Nikadhani anasema kwa mafumbo, na mafumbo nayajua, ndiyo kazi yangu. Nikamzunguka. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na kile unachokikuta nyuma ya picha ya ukutani: ubao, misumari miwili na utando wa buibui. Buibui alikuwepo. Alikuwa anasoma.

"Tafadhali rudi mbele," neno likasema. "Mimi ni wa kutazamwa kutoka mbele."

Nikarudi mbele. Kutoka huko alikuwa amekamilika, ungeweza kumwozesha dada yako.

"Sasa niambie," nikasema. "Mwalimu Chambo alitumia maana ipi? Amenisifu au amenishuku?"

"Ndiyo," akajibu.

"Nimekuuliza moja kati ya mawili!"

"Na mimi nimekujibu."

Hapo nikawaka. Nilimwambia mimi ni Mbelwa, sizungushwi na neno la kuja, nimejifundisha mwenyewe kila ninachokijua, sina mwalimu wa kumshukuru wala wa kumlaumu, na shairi langu liko tayari kusomwa hata kwa mikono isiyo na masikio. Nilisema mengi. Mikono ilikaa ikinisikiliza, vidole vimeshikana kistaarabu.

"Vizuri," neno likasema. "Basi soma. Hapa sheria ni moja. Makofi yanainua."

Nasoma. Nasoma ubeti wa baiskeli. Mikono inakunana. Nasoma ubeti wa kofia. Mikono ya ngazi ya tatu inakata kucha. Nasoma ubeti wa redio kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani ni tatizo la umbali, na mkono wenye saa unatazamwa tena.

Nikavuta pumzi, nikausoma wa nne:

Sahani naweka mbili, mmoja ndiye mlaji,
Naosha nayo ya pili, kwa sabuni na kwa maji,
Mkono haukubali, kwamba kauhama mji,
Macho yaliona kweli, mkono hauna jaji.

Halafu pa. Halafu pa, pa, pa, halafu ukumbi mzima, ngazi juu ya ngazi, mpaka mawe yakaanza kutoa vumbi. Na kweli, nilikuwa nainuka. Shubiri moja. Mita. Napita juu ya kichwa cha neno, napita mahali ambapo paa lingekuwa, naiona reli, naiona mashine ya kusaga, nawaona watu wa Korogwe wadogo kama karanga, wananyoosha vidole na kusema, yule ni Mbelwa. Sijawahi kuwa na furaha vile. Naisema hivyo hivyo ilivyokuwa, sitaipamba wala kuificha.

Nikaendelea na ubeti wa tano nikiwa huko huko angani.

"Mimi Mbelwa wa Korogwe," nikasema.

Makofi hayakukoma. Yaliongezeka. Sauti ileile, mikono ileile, uchangamfu uleule. Nikainamisha kichwa kushukuru, na ndipo nikaona kwamba reli imekaribia.

"Kuna kosa!" nikapiga kelele. "Nashuka! Mbona wanapiga makofi nami nashuka?"

"Hakuna kosa," neno likajibu kutoka chini. "Hayo si yangu. Hayo ni ya kaka yangu, Explode."

Kando yake alikuwa amesimama mtu mfupi, mnene, nyusi zimeungua, amebeba viganja vikubwa kama sinia. Akaniamkia kwa upole sana.

"Huyu siku hizi wanamjua kwa mabomu," neno likaeleza. "Lakini zamani hapa Roma alikuwa mtu wa ukumbini kama mimi. Baba yetu ni mmoja. Mchezaji akiboronga, watu walikuwa wanampigia makofi mpaka anatoka jukwaani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kaka. Mimi napandisha, yeye anateremsha."

"Makofi ya kufukuza?"

"Makofi ni makofi," yule mfupi akasema. "Ukisikiliza tu hutayatofautisha."

"Sasa mtu atajuaje?"

"Aangalie miguu yake."

Nikaiangalia. Ilikuwa inakwenda chini kwa kasi, na chini hapakuwa tena Roma. Palikuwa jikoni kwa shangazi.

Nikaanguka nimekaa, kwenye kigoda, mbele ya karai lililojaa maji. Neno lilikuwa limeshafika. Lilikuwa limeegemea ukuta, kwa sababu ambazo sasa nilizielewa.

"Umeshanipa kazi yangu ya kwanza," likasema. "Makofi umepata. Sasa twende kwenye kazi ya pili. Tunamwita shahidi."

Sahani ikatoka kabatini, ikabingirika kwa ukingo wake mpaka kwenye karai, ikasimama. Sahani ya bati, yenye ua la bluu, imebanduka rangi pembeni. Ilikuwa ile ya pili.

"Taja jina na umri," neno likasema.

"Naitwa Sahani ya Pili," sahani ikajibu. "Umri wangu ni sawa na ndoa ya Nakiete."

"Unamjua huyu?"

"Namjua miguu. Hupita mlangoni."

"Amewahi kukuosha?"

"Hajawahi hata kunisogeza."

"Pingamizi!" nikasema. Sijui nililitoa wapi, labda kwa yule askari. "Mshairi halazimiki kukiosha kitu ndipo akiimbe! Nikiimba simba, lazima nimwogeshe? Ubeti una vina, una mizani, unaingia akilini. Mtu gani atakataa kwamba ni wangu?"

"Hakuna," neno likasema, na likanitazama kwa mapenzi ya kweli, kama ndugu aliyepatikana baada ya miaka. "Hakuna atakayekataa. Ndiyo maana mimi niko hapa."

Sikuipenda ile sura.

"Mimi sina ubishi na mizani," sahani ikasema. "Nina swali moja. Sema mstari wa tatu."

"Mkono haukubali, kwamba kauhama mji."

"Mkono upi?"

"Nini?"

"Mkono upi haukubali? Wa kulia au wa kushoto?"

Nimeukariri ubeti ule, nimeuhesabu kwa spoki, nimeusoma mbele ya kioo nikiwa nimenyanyua kidevu. Swali hilo halikuwahi kunipitia.

"Yoyote," nikasema. "Ni lugha ya ushairi. Mkono kwa ujumla."

Sahani ikageuka kwa neno. "Mwanamke anayeosha hana mkono kwa ujumla," ikasema. Kisha ikajilaza yenyewe ndani ya karai.

Hakuna aliyeniamuru. Nilikunja mikono ya shati, nikachukua kipande cha sabuni. Naosha. Mkono wa kushoto unashika, wa kulia unasugua. Naosha ua la bluu, naosha ukingo, naosha pale palipobanduka. Sahani imetakata, nayo ilikuwa safi tangu mwanzo. Nautuma mkono wa kushoto uachie, unaachia; unatoka majini, unajifuta kwenye suruali, unatulia juu ya goti kama mtu aliyetoka kazini. Nautuma wa kulia uachie.

Hauachii.

Nauambia mara ya pili. Unaendelea kusugua, polepole, duara baada ya duara, kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo jingine, si hili. Nauvuta kwa ule wa kushoto. Unarudi. Hasira zikaniisha. Nikabaki naukodolea macho mkono wangu mwenyewe, sijui unamngoja nani.

"Ni wa kulia," nikasema.

"Sasa unajua," sahani ikasema kutoka chini ya povu. "Jana ulikuwa hujui, na jina lako lilikuwa limeshaandikwa."

Nyuma ya ukuta nikasikia sauti ya shangazi. "Mkono hau... mkono hau nini?"

Nilikuwa na jibu. Neno moja tu lilikuwa linamtosha. Nikafungua mdomo nimpe, na yakatoka makofi. Nikaufunga, nikaufungua tena. Makofi. Shangazi akauliza mara ya tatu, sauti yake ikiwa chini zaidi, na mimi nikampigia makofi kwa mdomo, pa, pa, pa, machozi yananitoka, na neno limeegemea ukuta linasema, vizuri sana, vizuri sana, mpaka nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Jua lilikuwa limeshafika kwenye kamba ya nguo uani. Fomu ilikuwa chini ya mto, imekunjamana, neno liko palepale na nukta yake. Nikanyoosha mkono wa kulia kuichukua, nikabaki hivyo hivyo, mkono hewani.

Vidole vilikuwa vimenywea. Vyeupe, vimejikunja ngozi nchani, kama vya mtu aliyekaa na vyombo asubuhi nzima. Grisi ya wiki mbili chini ya kucha ilikuwa imetoka. Nikautazama wa kushoto. Ulikuwa mkavu, mweusi kwa grisi kama nilivyolala nao.

Nikatoka nje. Shangazi alikuwa ameinama kwenye karai.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umeamka na sura ya mtu aliyefukuzwa?"

"Shangazi, mkono upi?"

"Mkono upi wa nini?"

"Unaokataa."

Aliacha kusugua. Akanitazama, maji yakimtiririka viwikoni.

"Wa kulia," akasema. "Wa kushoto ulishakubali siku ile ile ya mazishi. Nani kakwambia kuna mkono..." Akakatisha. Midomo yake ilikuwa inarudia kitu bila sauti. "Haukubali," akasema polepole. "Mkono haukubali. Ndilo hilo! Siku zote hizi, kumbe ndilo hilo!" Akacheka, akajifuta uso kwa bega. "Karatasi imepatikana, eti? Hoza kaileta?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Ndiyo, shangazi, Hoza kaileta, ilikuwa chini ya sanduku la spana. Lilikuwa limesimama wima, limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Angeliamini. Hakuna ambaye asingeliamini. Nikalizunguka nikalitazama kwa nyuma.

"Haikupotea," nikasema. "Ninayo. Ubeti wako niliutia kwenye shairi langu, wa nne, na mwishoni nikaweka jina langu. Ndilo shairi la Jumamosi."

Jogoo wa jirani akapita, akatutazama, akaendelea na safari yake. Shangazi akainyanyua sahani yenye ua la bluu kutoka majini. Akaigeuza, akaiangalia pande zote mbili.

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Ndiyo."

"Na mimi nikaamini."

"Nilikuwa na grisi mikononi, shangazi. Ilionekana kweli."

"Ilionekana," akasema. "Na ukiwaambia huko, si watakutoa? Fomu si ulinisomea mwenyewe, kwamba kila mtu alete kazi yake tu?"

"Watanitoa."

"Kijana mzima, mdomo kama filimbi ya treni, mwizi wa sahani ya mjane." Akaiweka sahani juu ya kichanja, taratibu, iangalie jua. Kisha akapiga kofi moja, kwa mikono iliyolowa. Pa. Matone yakanirukia usoni.

Sikujua lilikuwa la aina gani. Nikaangalia miguu yangu. Ilikuwa chini, palepale, kwenye udongo uliolowa povu, haipandi wala haishuki, inangoja nitakachosema.

"Shangazi," nikasema, kwa sauti ambayo hata jirani mwenye kanga aliisikia, "Jumamosi nitapanda, nitasoma beti zangu tatu, nitanyamaza. Nitamwambia Mwalimu Chambo mbele ya watu wote kwamba wa nne ni wako, kwamba ulitungwa hapa, kwenye karai hili, na mimi nilikuwa mlangoni na kalamu tu. Nitakushika mkono upande jukwaani, uuseme mwenyewe. Wakipiga makofi ya kunitoa, nitatoka nikiwa nayasikia. Na kesho Ijumaa nitakuja nikusomee, kama zamani, na kila Ijumaa baada ya hiyo. Nakuahidi."